Mluzi wa Baba Pacha

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia sabuni kabla ya kulisoma, sikulaumu. Nitakurudisha nyuma kidogo kisha tusonge, maana ya leo yamenifika hapa shingoni.

Mimi ni Mama Pacha, mpika keki. Ninafanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe, chumba chenye milango miwili: mmoja wa barabarani, mwingine wa kuingilia ndani kwake. Oveni yangu imo humo, meza yangu imo humo, na jina langu lote mtaani limo humo.

Wiki iliyopita mume wangu, Baba Pacha, aliniletea ujumbe kutoka kwa mama yake. Chumba kinatakiwa. Mwisho Jumamosi. Sababu hakupewa, na mimi nisiulize.

Nililia. Nikafoka. Nikasusa chakula, kisha nikaona ninayeumia ni mimi, nikakila.

"Niachie mimi," Baba Pacha akaniambia, mkono wake begani mwangu. "Mama ni mama yangu, namjua. Wewe usimwendee kabisa, utaharibu. Nitaongea naye mimi."

Nikamwachia. Juma zima nikawa naingilia mlango wa barabarani na kutokea huohuo, nisikutane na mama mkwe hata kwa bahati mbaya. Na yeye akanuna kule ndani, hata kikohozi chake sikukisikia.

Leo ndiyo hiyo Jumamosi.

Lakini kabla ya Jumamosi nikueleze habari ya simu, kwa sababu simu ndiyo iliyonifikisha hapa.

Mikono ya mpika keki haina nafasi ya simu. Ikiwa si unga ni siagi, ikiwa si siagi ni krimu. Simu ikiita nilikuwa nanawa, najifuta, nakimbia, nafika imekatika. Nikipiga mimi, naambiwa, "Aa, nilitaka kuagiza keki, lakini nimeshapata kwa mwingine." Nikaacha kunawa, nikawa napokea hivyohivyo na mikono yangu. Wifi yangu, dada yake Baba Pacha, anauza makava na chaja kwenye kibanda cha simu. Alipoifungua simu yangu siku moja aliiangalia, akaniangalia.

"Wifi, hii simu unapiga au unaipaka kwenye mkate?"

Yeye ndiye aliyenipa wazo. Kila mtu mpe mlio wake. Ukisikia tu unajua nani anapiga. Kama anafaa, unagusa kwa kiwiko, spika inafunguka, unaongea huku unaendelea na kazi.

Milio iliyokuja na simu sikuipenda. Yote inafanana na mtu anayetikisa funguo. Nikamwambia nataka kuweka muziki wangu mwenyewe.

Heri ningesema nataka kujenga ghorofa.

Kwanza nilirekodi, sauti ikapotea. Kumbe ipo, ila simu imeificha kwenye kabati lake inalolijua yenyewe. Tulipoipata ina kikohozi changu mwanzoni na pikipiki mwishoni. Tukaikata. Nikaiweka, ikawa kengele ya kuniamsha. Nikaiondoa, ikawa mlio wa kila mtu, hadi wale wanaonipigia kuniambia nimeshinda bahati nasibu ambayo sikucheza. Nikafuta, nikaanza upya. Simu ikaniuliza kama nina uhakika. Uhakika! Ningekuwa mtu wa uhakika nisingeolewa na fundi vioo.

"Usiibonyeze kwa hasira," wifi akaniambia.

"Naibonyeza kwa kidole."

"Kidole chenye hasira."

Mwishowe ikakubali. Wifi nikamtungia wimbo, nikauimba mwenyewe huku napiga bakuli kwa mwiko: *Wifi njoo, wifi njoo, kingo zimeshakatwa, kaka yako asijue, akijua tutaachwa.* Kingo ni zile pembeni za keki ninazozikata ili isimame sawa. Wifi huyu anazipenda kuliko mshahara. Mama mkwe nikampa mlio wa sufuria linalogongwa kwa nguvu, ili nikisikia nikae vizuri. Shule ya watoto nikaipa kengele.

Na Baba Pacha nikampa mluzi wake.

Hapo naomba unisikilize vizuri. Baba Pacha hupiga mluzi akikata kioo. Ni wimbo wake alioutunga mwenyewe wakati ananichumbia, akisimama chini ya dirisha la kwetu na futi yake mkononi akijifanya anapima fremu. Unapanda, unazunguka, unashuka, halafu unakatika ghafla, kama mtu aliyeitwa.

"Mbona hauishi?" niliwahi kumuuliza.

"Utaisha siku tukizeeka," akajibu. "Huu hanao mwingine. Ni wako."

Ndiyo maneno yaliyonitoa kwetu hayo. Basi nikaficha simu nyuma ya kopo la unga wakati anaweka kioo cha dirisha humu chumbani, nikamrekodi bila yeye kujua. Wifi akauweka kwenye jina lake.

"Hapa kwa kaka kuna namba mbili," akasema. "Hii ya zamani si ya ile simu aliyoibiwa? Niifute?"

"Iache. Namba ya mume haifutwi kama doa."

Wifi akacheka, akaiacha. Tangu siku hiyo nikawa naona kwa masikio. Nikisikia mlio sina haja ya kutazama kioo wala ya kusema halo. Halo ya nini wakati nimeshakujua?

Sasa njoo Jumamosi.

Nilikuwa napaka krimu keki ya harusi, ghorofa tatu, bibi harusi mwenyewe mkali kama pilipili. Mlango wa barabarani nilikuwa nimeufunga kwa komeo kwa ndani. Ndivyo ninavyofanya siku zote za krimu, vumbi lisiingie. Mikono yote miwili imejaa. Roho juu. Nasubiri Baba Pacha aniletee jibu la mama yake, na Baba Pacha kimya tangu asubuhi.

Simu ikaimba pale kwenye rafu. *Wifi njoo, wifi njoo...*

Nilishukuru kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Nikagusa kwa kiwiko, nikaanza.

"Wifi! Afadhali umepiga! Niambie, huyo mama yako amekata shauri gani? Ananipa tarehe kama mahakama na uso wenyewe hanionyeshi! Nimemkosea nini mimi? Akiumwa miguu namkanda mimi, akitaka chai ya usiku mimi, leo ananitoa kama panya! Anakitaka chumba cha nini? Cha kuhifadhia roho yake mbaya? Basi hiki hakitoshi, roho ile inataka nyumba nzima na ua!"

Nikachota krimu nyingine, nikaendelea kupaka.

"Wifi? Usiniambie unacheka peke yako huko."

"Umemaliza?"

Haikuwa sauti ya wifi.

Mwiko ulinitoka mkononi. Ua la krimu nililokuwa nimelikamilisha likateleza ghorofani likaanguka mezani.

"Mama..." nikasema.

"Simu yangu imeisha chaji, nimechukua ya mwenzako," mama mkwe akasema, polepole, kama anasoma. "Nipo sokoni. Nilitaka kukuuliza kama una mayai ya kutosha."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka. Haijawahi kunisaidia hata siku moja.

"Mama, nilidhani..."

"Nitaleta trei moja. Na roho yangu nitakuja nayo, tuone kama inaenea humo."

Akakata.

Nikakaa kwenye gunia la unga. Wimbo wangu mwenyewe, nilioutunga kwa mdomo wangu, ndio ulioniuza. Ulimi huponza kichwa, wanasema. Wangu ulikuwa umeponza kichwa, oveni na meza.

Nikampigia Baba Pacha. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Haikupokelewa. Nikapiga hadi akachoka yeye.

"Niko juu ya ngazi, mwanamke! Nina kioo mkononi!"

"Ngazi ipi?"

"Kule kwenye jengo jipya, upande wa pili wa mji. Kuna nini?"

Nikamweleza. Nilieleza huku nalia, kwa hiyo ilibidi nieleze mara mbili. Nilitegemea atafoka. Mume wangu anamheshimu mama yake. Ningefokewa ningejua nimeolewa.

Hakufoka. Alishusha pumzi, ile pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Basi," akasema. "Umeshajiharibia mwenyewe. Sasa mimi nitamwombaje? Funga vitu vyako polepole, utoke kwa heshima."

"Ni hivyo tu?"

"Ulitaka nini? Umemtukana mama yangu."

"Njoo basi unisaidie kumwomba radhi!"

"Usiongee naye mpaka nifike. Umenisikia? Usifungue mdomo."

Akakata. Nikabaki naitazama simu. Damu ilikuwa inanichemka lakini sikujua niimwage wapi. Mwenye kosa nilikuwa mimi, na nilikuwa nimechoka kuwa mimi.

Nikaokota lile ua la krimu, nikalila. Halikuwa na faida nyingine.

Mama mkwe aliingilia mlango wa ndani. Trei ya mayai mkononi, khanga kiunoni, uso haueleweki. Akaweka mayai juu ya friji. Akatazama oveni. Akatazama keki. Akaitazama ghorofa ya juu yenye kidonda pale ua lilipoanguka.

Nikapiga magoti. Baba Pacha amesema nisifungue mdomo, lakini mdomo wangu mimi haujawahi kupokea amri.

"Mama, nisamehe. Nilisema kwa hasira. Sikujua ni wewe."

"Najua hukujua. Ungejua ungesema vizuri." Akavuta kigoda, akakaa. "Inuka, utaharibu goti na mimi sina la kukupa badala yake. Nataka kujua kitu kimoja. Nani amekuambia mimi nakitaka chumba hiki?"

"Baba Pacha, Mama."

"Nani?"

"Mwanao. Alisema umekata shauri, mwisho Jumamosi, nisiulize sababu."

Mama mkwe alifungua fundo la khanga, akalifunga tena.

Mlango wa barabarani ukakwaruza. Sauti ilikuwa kwenye kitasa, kama ufunguo unaotafuta njia. Nikadhani ni wateja wamekuja kuchungulia keki.

"Tumefunga! Njooni baadaye!" nikapiga kelele.

Kukwaruza kukaacha.

"Mimi," mama mkwe akasema, "mimi mwanangu aliniambia ni wewe unayetaka kuhama. Umechoka na joto la humu, umechoka na mimi na miguu yangu. Umepata chumba cha duka mjini, na unaona haya kuniambia mwenyewe. Akaniomba nisikuulize, nisikuvunje moyo. Kama ni mapacha nimekulelea, kama ni chumba nimekupa, halafu unaniaga kupitia kwa mtu? Ndiyo maana nilikuwa sikusemeshi. Nilikuwa nimeumia, Mama Pacha."

Nilimtazama. Macho yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa ajili ya matusi yangu ya leo. Ni wekundu wa juma zima.

"Mama, mimi duka la mjini nitalitoa wapi?"

"Nami nikajiuliza hivyo. Lakini mwanangu ndiye kasema." Akajifuta uso. "Akaniambia chumba kisikae bure, ameshapata mpangaji. Mtu mstaarabu, hana makelele."

"Mpangaji gani?"

"Sikuuliza. Niliambiwa nisiulize."

Tukatazamana. Sote wawili tuliambiwa tusiulize, na sote wawili tulitii. Nilihisi hasira, lakini hii mpya haikuwa na krimu wala machozi. Ilikuwa baridi.

Na kumbuka, matusi yangu yalikuwa bado yapo hewani kati yetu. Nilikuwa nimemwambia ana roho inayotaka nyumba na ua, na yeye alikuwa ananinunulia mayai. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mama, yale niliyosema..."

"Yale tutayarudia siku nyingine. Nimeyahifadhi. Nafasi unajua ninayo."

Nilicheka huku nalia.

Mlango wa ndani ukafunguka. Baba Pacha.

Alikuwa anahema. Shati safi. Mtu wa juu ya ngazi, wa upande wa pili wa mji, na krimu yangu bado haijashika. Hata ningetumwa mimi kwa gari nisingewahi hivyo. Na mikono yake haikuwa na hata chembe ya vumbi la kioo.

"Mama, shikamoo," akasema haraka. "Msamehe huyu. Hasira zake unazijua. Leo hii anahama, yaishe."

"Marahaba. Anahamia wapi?" mama mkwe akauliza.

"Si nilikuambia?"

"Nimesahau. Niambie tena, na yeye akiwa anasikia."

Baba Pacha akanitazama. Akamtazama mama yake. Akaitoa simu yake mfukoni, akaiweka mezani karibu na bakuli la krimu, kama mtu anayetaka mikono iwe huru kwa ajili ya kueleza. Simu ikaanza kutetemeka palepale. Akaigeuza uso chini.

"Pokea," nikasema.

"Ni mteja tu."

"Wateja hupokelewa. Mimi nimekosa wateja wangapi kwa kutokupokea?"

"Mama Pacha, usianze."

Ikatetemeka tena, ikasogea yenyewe kuelekea ukingo wa meza. Akaishika, akaizima.

"Ni hivi," akasema. "Mmekosa kuelewana, basi. Mimi nilitaka amani. Mama, wewe umri umekwenda, pengine nilisema hivi ukasikia vile..."

"Masikio yangu hayana umri," mama mkwe akasema. "Leo nimesikia mengi, na yote nimeyasikia sawasawa. Muulize mkeo."

Nikainamisha kichwa.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," akaendelea. "Nani anataka chumba hiki?"

Baba Pacha akafungua mdomo.

Na mluzi ukalia.

Wake. Ule unaopanda, unaozunguka, unaoshuka. Ulitoka kwenye rafu, kwenye simu yangu, na kujaza chumba chote.

Kwa mazoea tu moyo wangu ukafurahi. Ndivyo ulivyo moyo wangu, hauna akili. Nikanyoosha kiwiko, kisha nikasita.

Baba Pacha alikuwa mbele yangu. Mkono wake ulikuwa juu ya simu yake, na simu yake ilikuwa imezimwa.

"Huo ni nini?" akauliza. Hakuwahi kuusikia. Kila akinipigia yeye hayupo, na akiwepo hanipigii.

"Ni wewe," nikasema. "Ni wewe unanipigia."

Mama mkwe akaitazama simu yangu, kisha ya mwanawe. Hakuhitaji maelezo. Mimi nikakumbuka maneno ya wifi. *Hapa kwa kaka kuna namba mbili.* Ile simu aliyoibiwa. Alilia kwa simu ile, Baba Pacha, nikampa pole, nikampikia chai, nikawalaani wezi wake kwa majina yote ninayoyajua.

Akaruka kuifuata simu. Uzito wa kioo amezoea, lakini uwepesi wa mpika keki hauna mpinzani. Kiwiko changu kilifika kwanza.

Spika ikafunguka. Kwa mara ya kwanza tangu niweke milio ile nikasema:

"Halo?"

"Halo, samahani dada." Sauti ya mwanamke. Laini, yenye adabu. Sauti ambayo ingekuja kuagiza keki ningeipunguzia bei. "Namba hii nimeikuta kwenye hii simu, imeandikwa Nyumbani. Nampigia mwenyewe kwenye laini yake nyingine hapokei, sasa naona imezimwa. Wewe ndiye dada yake?"

Nilimtazama Baba Pacha. Alikuwa anatikisa kichwa, midomo inasema *kata, kata*.

"Dada yake," nikarudia.

"Aliniambia dada yake ndiye anayetumia chumba na leo anakihama. Aliniambia nije jioni, lakini gari la vyombo limewahi. Lilinikuta nimeshafunga kila kitu, ningefanyaje? Ufunguo alionipa nimejaribu, unazunguka vizuri lakini mlango hausogei. Nikasikia mtu akisema mmefunga. Naomba unifungulie, dada yangu. Jua ni kali, na godoro liko chini."

Nikalitazama komeo la mlango.

"Subiri kidogo," nikasema. Nikashangaa sauti yangu ilivyokuwa na adabu.

"Haya, asante. Nipo hapahapa."

Hakukata. Alidhani amekata.

"Usifungue," Baba Pacha akanong'ona. Jasho lilikuwa linamshuka hadi kwenye kola ya lile shati safi. "Nakuomba. Mama Pacha, nitakueleza. Ni mpangaji tu. Nitakueleza yote, lakini usifungue."

"Mpangaji uliyempa simu yako iliyoibiwa?"

"Nilimwazima."

"Nani alikuazima wewe dada mwenye sura kama yangu?"

Mume wangu ana maneno ya kila dirisha mjini, akakosa neno moja la mlango.

Mama mkwe akainuka kwenye kigoda. Taratibu, maana miguu ile inamuuma kweli. Nilidhani anamwendea mwanawe. Alikuja kwangu. Akachukua ncha ya khanga yake akaanza kunifuta krimu, kidole kimoja kimoja, kama anavyowafuta mapacha wakitoka kucheza matope.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu," akasema. "Nami nguo hii niliishona mwenyewe. Nenda kafungue."

"Mama!" Baba Pacha akalia.

"Wewe nyamaza. Mlango ni wangu."

Hatua za kufika pale si nyingi. Nimezipita kila asubuhi na trei kichwani bila kuziona. Leo kila moja ilikuwa na uzito wake. Nilikuwa na maneno tayari, mengi, makali, nimeyapanga kama mayai kwenye trei. Nilitaka nimjue kwanza huyo mwanamke anayekuja kulala nilipoweka oveni, kisha nimpe lake.

Nikashika komeo.

Ndipo nikasikia. Nilisikia mara mbili, kwa spika nyuma yangu na kwa upenyo wa mlango mbele yangu. Yule mwanamke, kwa kuchoka kusubiri, alikuwa anapiga mluzi. Polepole, bila wasiwasi, kama mtu aliye kwake.

Wimbo ukapanda. Ukazunguka. Ukashuka.

Ukafika pale unapokatika, pale ambapo maisha yangu yote ya ndoa nimeambiwa nisubiri tuzeeke.

Yeye hakukatiza. Aliendelea hadi mwisho.